Mama Dorotea

Asubuhi ile nilikuwa na kadi sita za Dorotea mezani, na hata saa tatu haijafika.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Utaratibu wetu ni ule ule tangu niajiriwe: naita jina la mtoto, mama anasimama, mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, analia, wanaondoka. Zamani jina moja lilitosha. Sasa Dorotea limerudi kwa kishindo, sijui nani kalifufua, na inabidi niongeze kazi ya baba iliyoandikwa kwenye kadi. Tena wazazi wa siku hizi wanalikata mkia, wanasema "Doroti". Ukilitamka lote, unasahihishwa na binti aliyezaliwa wewe ukiwa tayari kazini.

Nalijua jina hilo kuliko wao wote, maana lilikuwa langu.

Mama yangu ni fundi cherehani. Nilipokuwa mdogo alikuwa akiniita bila kuinuka kwenye mashine yake, akiivuta ile "te" hadi mwisho wa mtaa: Doroteeea! Wenzangu wakawa wananiigizia darasani. Lilikuwa jina la vikongwe, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilipoajiriwa tu, nikaenda kwa wakili kula kiapo, nikajipa jina fupi la kisasa. Nikarudi nyumbani na karatasi yenye muhuri, kifua mbele.

Mama aliisoma, akanirudishia.

"Haya," akasema. "Na mimi sasa niitwe Mama nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la mwanawe wa pekee. Wateja walipojaribu kumwita kwa jina langu jipya, hakuitika. "Niiteni Fundi," akawaambia, na Fundi amekuwa hadi leo. Mimi akaniita "wewe". Wewe, chakula tayari. Wewe, mbona umechelewa. Kwa upole kabisa, miaka ishirini na mitatu. Iliniuma, na sikuwahi kumwambia, kwa sababu nilijua kosa ni la nani.

Asubuhi ile alikuja kupima presha. Chumba cha watu wazima kilikuwa kinapakwa rangi, basi wagonjwa wa huko wakaletwa kwetu, wakabanana benchi moja na akina mama wa watoto. Kadi ya Mama ikaingia kwenye rundo langu.

"Doroti, baba seremala!" niliita. Binti mmoja akasimama. Mama akaguna.

"Doroti, baba dereva!" Akasimama mwingine. Mama akaguna kwa nguvu zaidi, kisha akamgeukia aliyeketi kando yake.

"Mjukuu wangu, huyu wako naye nani?"

"Dorotea, bibi. Ila sisi tunasema Doroti."

"Liseme lote, halitakuchubua mdomo." Akamtazama mtoto kwa muda. "Nilikuwa na binti wa jina hilo."

"Pole, bibi," binti akasema kwa sauti ya chini. "Alifariki?"

"Hapana, ni mzima. Alilikataa tu."

Niliona haya, mtu mzima mimi, mbele ya mizani na watoto wanaolia. Kadi iliyofuata ilikuwa yake. Juu yake pameandikwa jina lake la kitambulisho, ambalo hakuna anayemwita nalo. Ningeweza kulisoma hilo. Ningeweza kusema "Fundi", kama watu wote. Nikakohoa, nikaita kama alivyokuwa akiniita yeye, ile "te" nikaivuta mpaka ukutani.

"Mama Doroteeea!"

Wakasimama wanne, wote waliobaki, watoto begani. Mama peke yake alibaki ameketi, mkoba magotini, ananitazama. Nilidhani hatainuka. Kisha akashika ukingo wa benchi, akajinyanyua taratibu.

"Kaeni, wanangu," akawaambia. "Huyu anayeita ndiye wangu."

Akaja mezani, akaketi, akakunja mkono wa gauni mwenyewe. Nikamfunga kile kitambaa cha mashine, nikapima. Presha ilikuwa juu.

"Ipime tena, Dorotea," akasema. "Hiyo umeipandisha wewe."

Machozi yalinizuia kusoma namba. Nikaipima mara tatu.