Dawa ya Kuwalaza Watoto wa Mwalimu

Kila Jumapili Mueni alifika kanisani akiwa hoi. Mgongoni alikuwa na Wanji, binti wa mwaka mmoja na nusu, na mkononi alimshika Elkanah, wa miaka mitatu, ambaye hakujua kutembea bila kukimbia. Mumewe, Mwenda, alikuwa ofisa wa maji huko Wajir na alikuja nyumbani Garissa mara moja kwa mwezi. Mueni mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Darasani watoto hamsini walinyamaza akiwatupia jicho tu, lakini wanawe wawili hawakulijali jicho hilo hata kidogo.

Ndani ya kanisa la mabati joto lilikuwa kali tangu saa tatu asubuhi. Elkanah alitambaa chini ya viti akifungua kamba za viatu vya watu. Wanji alilia kila kwaya ilipomaliza wimbo. Siku moja mchungaji aliposema, "Tuombe," na kanisa zima likatulia tuli, Elkanah alipaza sauti, "Bismillahi!" Neno hilo alilipata kwa jirani yao Ebla, ambaye hakumpa mtoto kikombe cha maziwa kabla ya mtoto kulitamka. Waumini wengine walicheka. Wengine waligeuka wakamtazama Mueni.

Ebla alikuwa mama wa Kisomali wa makamo aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni, na alikwisha kujitolea mara nyingi. "Abaayo, dada yangu," alimwambia, "wacha watoto na mimi. Wewe enda omba Mungu bolebole. Mimi iko nyumbani tu leo."

"Asante, Mama Ebla, lakini hawa hawakai bila mimi," Mueni alijibu. Haikuwa kweli. Watoto walimpenda Ebla kupita kiasi. Mueni aliogopa tu maneno ya kanisani, kwamba mwalimu anaacha watoto wake walelewe katika dini nyingine saa ya ibada.

Basi Jumapili moja mama mkuu wa wakaribishaji alimwinamia sikioni. "Mwalimu, watu wamekuja kusikia Neno. Hebu keti nao nje kidogo." Mueni akatoka, akakaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, askari wanaopekua waumini langoni wakimtazama kwa huruma. Alisikiliza nyimbo kupitia dirishani huku machozi yakimtoka. Miaka miwili ilikuwa imepita bila yeye kusikia mahubiri mpaka mwisho.

Wiki hiyohiyo Elkanah alishikwa na mafua. Mueni akamnunulia dawa ya maji, na mtoto alilala mchana kutwa kama gogo. Mafua yalipokwisha, chupa ilibaki nusu. Jumapili iliyofuata, kabla ya kutoka nyumbani, aliwanywesha kijiko kimoja kila mmoja. Alijiambia ni mara hii tu. Watoto walilala miguuni pake juu ya leso kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka za mwisho, naye akaimba, akaandika mistari ya Biblia daftarini, akatoka akihisi amepumzika mwili na roho. Jumapili ya pili aliwanywesha tena, wala safari hii hakujiambia lolote. Jumapili ya tatu, kwa kuwa Wanji alikuwa ameamka mapema mara iliyopita, alimpa vijiko viwili.

Langoni askari alipopekua mkoba wake aliiona chupa. "Wanaumwa?"

"Mafua kidogo," akasema.

"Poleni."

Siku hiyo mchungaji aliposhuka madhabahuni alisimama kando ya kiti chake. "Tazameni watoto wa mwalimu Mueni," alisema. "Mwezi uliopita tuliwajua wote kwa kelele. Leo wametulia mbele za Bwana. Mzazi akiamua, inawezekana!" Akamwomba asimame. Watu wakapiga makofi. Mueni alisimama akiinamisha kichwa, na wote wakadhani ni unyenyekevu. Makofi yalivuma chini ya mabati kama mvua, na watoto hawakutikisa hata kope. Palepale akapangiwa kuzungumza na akina mama vijana Jumapili inayofuata kuhusu malezi.

Nje, msichana mmoja mwenye mtoto mchanga, mke wa mwalimu mgeni, alimshika mkono. "Nifunze, mwalimu. Wangu ananiaibisha kila wiki. Unafanyaje?"

"Ni maombi," Mueni akamjibu. "Na msimamo." Maneno yalimtoka kirahisi, bila hata kumeza mate.

Walipofika nyumbani aliwalaza mkekani, akaenda kupika. Saa nane Elkanah aliamka akidai maji. Wanji hakuamka. Mueni alimwita, akamtekenya, akampaka maji usoni. Kichwa cha mtoto kiliangukia upande mmoja, na midomo ilikuwa imekauka. Alipumua, ila taratibu mno, kila pumzi ikikawia kiasi cha mama kudhani haitakuja nyingine.

Hakukumbuka kupiga kelele, ila Ebla alisema baadaye kwamba kelele ile ilisikika hadi barabarani. Ebla aliingia bila viatu, akamtazama mtoto, akatoka mbio kusimamisha tuktuk. Njia nzima alimpepea Wanji kwa ncha ya shela yake na kusoma dua kwa sauti ya chini, Elkanah akiwa amemkalia mapajani.

Hospitalini muuguzi aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana aitwaye Hani. Alimulika macho ya mtoto kwa kurunzi ndogo. "Amekunywa kitu gani, mama?"

"Hapana kitu. Ni jua, nafikiri. Tulikuwa kanisani."

"Dawa yoyote? Mafuta ya taa? Vidonge vya mtu mzima?"

Mueni alitazama sakafu. Ebla akajibu kwa niaba yake, kwa uhakika wote, "Huyu mama anachunga watoto vizuri sana. Hakuna kitu baya nyumbani kwake. Mimi najua."

Utetezi ule ndio uliomvunja. Mueni akafungua mkoba, akatoa chupa, akaiweka juu ya meza. "Vijiko viwili," akasema. "Saa mbili asubuhi. Nilitaka alale."

Ebla alimtazama, kisha akamtazama mtoto. Alimwinua Elkanah begani, akatoka naye nje.

"Ulimpa mara ngapi?" Hani aliuliza, akiwa tayari anatafuta mshipa kwenye mkono mdogo.

"Mara moja tu," Mueni akasema. "Leo tu."

Walimwekea Wanji dripu na mpira wa oksijeni puani. Saa kumi na mbili jioni alifumbua macho, akaushika mpira, akaanza kulia kwa hasira. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasema alhamdulillahi. Mueni aliukumbatia mguu mmoja wa mtoto, kwa kuwa ndio pekee usiokuwa na kitu kilichofungwa, akalia pamoja naye.

Mwenda alifika Jumatatu adhuhuri, vumbi la njia ya Wajir kupitia Habaswein limemjaa hadi kwenye nyusi. Mueni alimsimulia habari ya dawa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya wodi. Mwenda alisikiliza akizungusha kofia yake mikononi.

"Mara hiyo moja?" akauliza.

"Tatu."

Kofia ikaacha kuzunguka. "Kwa nini hukuniambia umelemewa?"

"Ungeniambia niache kwenda kanisani."

"Ningekuambia hivyo," Mwenda alikiri. "Ndiyo." Akainuka kwenda kumwona binti yake. Hakugomba, wala hakumshika mkono.

Mueni alirudi ndani akamtafuta Hani. Alimkuta akihesabu sindano. "Sista, jana nilikudanganya. Ilikuwa Jumapili ya tatu. Na mkubwa pia nilimpa."

Hani alivuta faili, akaandika. "Basi mlete mkubwa nimpime," alisema bila kuinua uso. Kisha akaongeza, "Wengi huwa hawarudi kusema."

Mueni hakupata faraja yoyote katika maneno hayo. Alikuwa akimfikiria yule msichana mwenye mtoto mchanga.

Jumapili akaenda. Wanji alikuwa ametoka hospitali Alhamisi, na Mwenda alibaki nyumbani na watoto. Baada ya ibada akina mama vijana walikusanyika, kama ishirini hivi, daftari mapajani. Mama mkuu wa wakaribishaji alimtambulisha kwa maneno matamu.

"Watoto wangu hawakutulia," Mueni alisema akiwa amesimama. "Niliwanywesha dawa ya mafua ilhali hawana mafua. Nilifanya hivyo Jumapili tatu. Mliponipigia makofi, binti yangu alikuwa anakaribia kufa hapa miguuni pangu, nami nikafurahi. Kama kuna niliyemwambia ni maombi, nilimdanganya."

Mmoja alifunga daftari lake. Mama mkuu wa wakaribishaji alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Hatimaye akasema polepole, "Mimi ndiye niliyekutoa nje."

"Mimi ndiye niliyeshika kijiko, mama," Mueni akamjibu, akaketi.

Msichana mwenye mtoto mchanga alikuja kwake wengine walipokwisha kutoka. "Nilikuwa nimenunua maji ya tumbo, yale ya watoto wachanga," alisema. "Nilisikia nayo yanalaza." Hakusema kama alikwisha kumnywesha mtoto, na Mueni hakuthubutu kuuliza. Alimwomba tu akayamwage.

Ebla hakumsemesha kwa siku tisa. Siku ya kumi alikuja mchana, akamkuta Mueni amepiga magoti kando ya mkeka, akimtikisa Wanji aliyekuwa amelala usingizi wake wa kawaida. Mtoto aligutuka, akalia, akageukia ukutani. Ilikuwa mara ya nne Mueni kumwamsha hivyo tangu alale.

"Mwache alale," Ebla alisema.

"Siwezi."

Ebla alivua viatu, akaketi upande wa pili wa mkeka, akaweka kiganja juu ya mgongo wa mtoto. "Basi mimi nahesabu bumzi yake," akasema. "Wewe enda bika."

Mueni aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akasimama hapo, naye akihesabu.