Picha Iliyopata Kazi

Koti la studio lilining'inia kwenye msumari kando ya pazia jeupe, na kila aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti alilivaa. Lilikuwa jeusi, kola imekaa sawa, vifungo vyote vitatu vipo. Mgongo wake ulikuwa umeliwa na panya tangu siku za marehemu Muriuki, mwenye studio wa kwanza, na Kui, mpiga picha wa sasa, aliushikanisha kwa vibanio vya kuanikia nguo. Hakuna mteja aliyelalamika. Kamera haioni mgongo. Katika sehemu yetu yote ya Dandora, walioomba kazi za ulinzi, leseni na nafasi za chuo walikuwa wamevaa koti hilohilo, pasta na muuza samaki vilevile, na ofisi zilizopokea picha hizo hazikuwahi kuuliza.

Jumanne moja asubuhi aliingia Khalayi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mabega mapana, sauti ya chini. Tangu mumewe afariki alikuwa akichambua plastiki kwenye jaa. Leso yake ilikuwa imepauka, na harufu ya moshi na maganda iliingia pamoja naye. Alieleza shida yake akiwa bado mlangoni. Alikuwa na cheti cha ualimu wa chekechea, alichokisomea jioni kwa miaka miwili. Watoto wa wachambuzi wenzake aliwafundisha kusoma kwa vifuniko vya chupa, kila kifuniko kimeandikwa herufi yake. Shule ndogo ya chekechea iliyo nyuma ya kanisa ilikuwa ikitafuta mwalimu. Alikuwa ameenda mara mbili, na mara zote mbili mwalimu mkuu, Madam Wangeci, alimwambia langoni kwamba nafasi imejaa, huku tangazo likiwa bado ukutani nyuma yake. Sasa alitaka kutuma barua, na barua ilitakiwa iwe na picha.

Kui alikuwa msichana wa haya. Kwa kawaida hakuwaambia wateja lolote zaidi ya "inua kidevu kidogo." Siku hiyo alijikuta akiuliza watoto hao ni wangapi. Kumi na tisa, Khalayi akasema, na akaanza kuwataja kwa majina huku akiingiza mikono kwenye koti, huyu anapenda kuhesabu, huyu haongei lakini anasikia kila kitu. Alipofika kwa mtoto wa kumi na tisa, Kui alibonyeza.

Aliitazama picha ile kwenye kompyuta kwa muda mrefu. Alikuwa amepiga nyuso nyingi, zilizokunjwa, zilizokauka, zinazomwogopa ofisa ambaye hajaonekana bado. Huu ulikuwa uso wa mtu aliyewakumbuka watu wote wa kukumbukwa.

"Mama, umetoka vizuri," akasema.

Karatasi ilipotoka kwenye mashine, picha zote nne zilikuwa zimeongezeka upana wa ukucha. Picha inayosifiwa hukua. Muriuki alimweleza Kui hilo wiki ya kwanza ya kazi, siku ileile aliyomfundisha kubadilisha wino. Nyingi hukua kidogo na kuishia hapo, kwa sababu watu husifu mara moja wakasahau. Za wagombea wa kura hazikui kabisa, ndiyo maana huchapishwa zikiwa kubwa tayari.

Barua ilimfikia Madam Wangeci Alhamisi. Alimwonyesha karani wake, karani akampelekea pasta, na kufikia jioni picha ilikuwa na ukubwa wa daftari. Huyu anajiheshimu, walisema. Ukimwangalia tu unajua ni mwalimu. Ijumaa ilibidi ibanduliwe kwenye barua kwa sababu iliziba maandishi. Jumapili iliwekwa mbele ya kanisa na waumini wakaipitia kwa mstari, na Jumatatu, Khalayi alipoitwa shuleni, ilikuwa ndefu kama mlango na uso wake mpana kama sinia. Fundi kutoka Shauri Moyo alikuwa ameshaitia fremu ya mbao. Ilikuwa imeegemezwa kwenye kiti cha mwalimu, na watoto walikuwa wameketi mbele yake.

Khalayi aliambiwa nafasi imechukuliwa. Alipouliza na nani, alionyeshwa kiti.

Alirudi studio, akaomba maji, akanywa yote. Hakulia. Alimwomba Kui aende naye akaseme anachokijua. Kui hakuwa amewahi kusimama mbele ya mtu mkubwa na kusema chochote. Hata chuoni mwenzake ndiye aliyemsomea kazi yake mbele ya darasa. Alifunga studio akaenda.

"Madam, mimi ndiye niliyeipiga hiyo picha," alisema akiitazama sakafu. "Huyo ni huyu mama. Koti tu ndilo letu."

"Hilo najua, mami," Madam Wangeci akajibu kwa upole. "Kwani macho yangu ni ya nini? Ni yeye kabisa. Hata mwanya ni wake."

"Basi mpe kazi."

"Nimempa." Akaigusa fremu. "Nimempa akiwa hivi."

Khalayi alisema kwamba picha haiwezi kumfuta mtoto kamasi. Madam Wangeci akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na asubuhi yote watoto walikuwa wamekaa mbele ya picha bila kujifunza kitu, ingawa alikiri kwamba walikaa vizuri sana. Hatimaye akaamua. Picha ingebaki kuwa mwalimu. Khalayi angekuwa msaidizi wake, kwa mshahara wa msaidizi. Barua ya ajira ingekuwa moja tu, kwa kuwa wote wawili waliitwa Khalayi.

Khalayi aliwatazama watoto waliokuwa wameketi.

"Na wale wangu kumi na tisa," akauliza, "wanaweza kuja hapa?"

"Mwalimu akikubali," akasema Madam Wangeci.

Wote watatu wakageuka kuitazama picha. Picha haikukataa.

Watoto wa jaani wakaja, na vifuniko vyao kwenye mfuko. Kui alizoea kupita dirishani mwa darasa anapoenda kununua chakula cha mchana, akisimama dakika tano ambazo ziligeuka nusu saa. Khalayi alifundisha akiwa amepiga magoti, ili macho yake yawe sawa na ya mtoto. Hakuwahi kumwambia yeyote amekosea. Alimwambia jaribu kifuniko kingine. Yule asiyeongea alitamka herufi M mwezi wa tatu, na Khalayi hakupiga kelele, alimwekea tu kiganja kichwani. Kufikia mwisho wa mwaka darasa zima lilisoma. Siku ya wazazi, picha ilivishwa shada la maua. Ofisa wa elimu aliipigia makofi, ikakua tena, na ikabidi mlango wa darasa upanuliwe.

Kui alikuwa amempiga Khalayi picha nyingine kupitia dirishani, bila koti, magotini, leso imepauka. Aliitundika studio na kila asubuhi akaisifu kwa sauti ndogo kabla wateja hawajaingia. Ilifika ukubwa wa kiganja ikaishia hapo. Sauti moja haikuzi sana.

Muhula mpya ulipoanza, wazazi waliomba wawe wakimkabidhi mwalimu watoto wao langoni. Picha ikawekewa magurudumu ya mkokoteni, na kila asubuhi Khalayi aliisukuma hadi langoni akasimama nyuma yake. Mbele vilionekana vidole vyake tu, vinne kila upande wa fremu. Kui alipita hapo siku mama mmoja mgeni alipomleta binti yake.

"Habari ya asubuhi, mwalimu," mama yule aliiambia picha.

"Nzuri sana, mama. Karibuni," akajibu Khalayi kutoka nyuma.

"Sauti yako imefanana na uso wako. Nimefurahi kumwacha na wewe."

"Asante."

Mama akamwinamia mtoto, akamwambia amsalimu mwalimu. Msichana akauachia mkono wa mama yake, akapita kando ya fremu, akazunguka nyuma.