Ganda na Kiini

Kiwandani waliitwa Ganda na Kiini, na majina hayo hawakuyapata kwa upole. Walikuwa mke na mume, wakemia wote wawili, na walitumia meza moja. Kazi yao ilikuwa kutengeneza punje nyeupe za kauri, kubwa kama njegere, zenye vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Kwenye kuta za vitundu hivyo walipachika madini ya platini kidogo, kisha punje zikajazwa kwenye bomba la moshi la jenereta ili gesi yenye sumu ipite hapo na kugeuzwa hewa isiyodhuru.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu: platini ikae wapi? Mke alishikilia ganda. Gesi humalizwa mlangoni, alisema. Platini ya katikati ni kama mgeni rasmi aliyefungiwa chumba cha uani, sherehe inaisha hajaonana na mtu. Mume alishikilia kiini. Bomba linatikisika, punje zinasuguana, ganda linakuwa vumbi na platini inakwenda na upepo.

Tatizo ni kwamba kila mmoja alikuwa na ushahidi dhidi ya mwenzake. Punje za mke zilisafisha moshi ajabu, kisha zikachakaa upesi. Punje za mume zilidumu sana, zikiwa hazifanyi kazi yoyote ya maana. Mama mzazi wa mume, aliyeishi nao, alisikia habari za platini hadi akaanza kuziota.

Ndipo dobi mmoja akaja kulalamika. Jenereta lake lilikuwa linazifukiza nguo, wateja wakizichukua zikinuka kuliko walivyozileta. Meneja akawaamuru wamtengenezee punje kwa njia ya kawaida, bila ubishi wa ganda wala kiini. Wakakubali, mdomoni tu.

Mume alitangulia kuingia maabara, akatia asidi ya ndimu kwenye maji ya platini ambamo punje zililowekwa. Asidi hiyo hukimbilia kukalia nafasi za juu za punje, na platini ikifika inakuta pamejaa, inalazimika kusogea ndani. Alipokwenda kula, mke akazitoa punje majini kabla ya wakati na kuzikausha harakaharaka, ili platini isipate nafasi ya kuzama. Jioni wote wawili walirudi nyumbani wakitabasamu, jambo lililomtia mama wasiwasi.

Miezi ikapita, dobi akaja tena, safari hii kushukuru. Meneja akapasua kwa wembe punje moja iliyotoka kwenye bomba lake. Ndani palikuwa na pete nyeusi ya platini, chini kidogo ya ganda, mbali na kiini. Gesi iliifikia, msuguano haukuifikia. Mke na mume wakapongezwa, kila mmoja akiinamisha kichwa kama mtu anayejua siri ya ushindi. Meneja akaagiza magunia ya punje hizohizo.

Hapo ndipo mbichi na mbivu zilipojulikana. Mke alijaribu kwa kificho, platini ikaganda juu. Mume naye alijaribu kwa kificho, ikazama hadi katikati. Wakaanza kukwepana maabara kama wadeni, mpaka siku moja mezani mume akasukuma sahani kando.

"Ile ya dobi," alisema, "kuna kitu nilitia."

Mke naye akaweka kijiko chini. "Na mimi nilizitoa punje mapema."

Mama akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo mlikuwa mnahujumiana, na kazi ikafaulu?"

"Ndiyo, mama," walijibu pamoja.

Mke ndiye aliyeanza kucheka. Kesho yake mume alipima asidi, mke akashika saa, na pete ikatokea mahali pake. Kwenye ripoti waliandika kwamba mafanikio hayo yalitokana na ushirikiano wa karibu. Walivutana kidogo tu kuhusu mahali pa kuweka alama ya mkato.