Kamba ya Mafundo Mia Moja na Manane

Upande ule ambako ramani huishiwa wino palikuwa na nchi iitwayo Limbiko, nchi yenye rutuba ya akili na ukame wa matokeo. Watu wake walikuwa mahodari. Hapakuwa na taifa lililojua kuchora, kuchonga, kufua na kupima kama wao, na hilo walilijua mno. Mji wao mkuu uliitwa Hangaiko, na katikati ya Hangaiko lilisimama Jumba la Ubunifu, lenye nyumba tano zilizofuatana kama shanga uzini: ya wachoraji, ya wapimaji, ya maseremala, ya wahunzi na ya wakaguzi. Kila chombo kilichokusudiwa kuwafaa raia kilizaliwa humo. Au, tuseme kweli, kilitungwa mimba humo, maana kuzaliwa lilikuwa jambo la nadra.

Desturi za Jumba zilikuwa za fahari. Kazi mpya ilipoanzishwa, ngoma kuu ililia, watu wakashangilia na mwanzishaji akavikwa joho. Kazi ilipokwisha hapakuwa na ngoma, kwa kuwa wahenga wa Limbiko hawakupata kuona haja ya kuitungia mdundo. Nyumba haikuruhusiwa kuipa nyumba ya pili kazi moja wala mbili. Kazi zilingojana mpaka zitimie arobaini, kwa hoja kwamba safari moja ya arobaini ni nafuu kuliko safari arobaini za moja moja. Fundi aliyeonwa mikono mitupu alivishwa shingoni kitanzi cha nyasi kavu ili ajulikane kuwa mvivu. Basi kila fundi, kuiponya shingo yake, alianzisha jambo jipya hata la jana likiwa halijakauka gundi, na nyua za Jumba zikajaa vitu vilivyoanzwa kama pwani inavyojaa makombe.

Na vipimo vyote vya nchi vilichukuliwa kutoka mwili mmoja, mwili wa Mhandisi Mkuu, Bwana Takaburi, mtu mrefu kama mlingoti. "Bega langu ndilo kipimo cha taifa," alikuwa akisema, na hakuna aliyemuuliza taifa lina mabega mangapi.

Mwendo wa siku tatu kutoka Hangaiko palikuwa na kijiji kiitwacho Ukavuni, na binti wa Ukavuni aliitwa Tambuzi. Elimu yake ilikuwa ya chuo kidogo cha kijijini, herufi na hesabu tu, lakini Mola alimjalia macho yasiyochoka na moyo usio na pupa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano aliposindikizana na shangazi yake, Bi Stahimili, kupeleka ombi la kijiji: pampu za kuvuta maji kwa mkono, kwa visima arobaini vya kwao vilivyokuwa vikididimia mwaka baada ya mwaka. Ombi lilipokewa kwa ngoma. Bi Stahimili, ambaye aliishi kwa kujua bei ya furaha za haraka, alimvuta binti pembeni.

"Mimi narudi, mwanangu. Wewe baki, uifuate karatasi yetu kama mchunga amfuatavyo mbuzi mwenye mimba. Usiiache ikalala peke yake."

Akampa kamba ya kisima chao cha kwanza, ambayo haikufaa tena, maana maji yalikuwa yameteremka na kuiacha fupi. "Hii haifiki kwenye maji," alisema, "labda itafika kwingine."

Tambuzi akapata kazi ya utarishi, kubeba michoro kutoka nyumba moja hadi nyingine. Na kwa kuwa hakuna amwonaye mbeba karatasi, yeye aliwaona wote. Kila mwezi ambao ombi la Ukavuni lilipita likingoja, alipiga fundo moja kwenye ile kamba. Kila siku ambayo mkono wa mtu uligusa kazi yenyewe, alifunga uzi mwekundu. Miaka ikaenda. Mafundo yakaongezeka kama upele; nyuzi nyekundu zikawa haba kama mvua ya Ukavuni.

Mwaka wa tisa ulipotimia Bi Stahimili akarudi, miguu imepasuka kwa vumbi.

"Kimebaki kisima kimoja," alisema hata kabla ya kuketi. "Tunateka tope, tunalichuja kwa kitambaa. Mwezi ukiandama mara mbili bila pampu, tunahama. Nawe wajua, mwanangu, kijiji kikihama na wazee wake, hufika na nusu yao."

Siku hiyohiyo Tambuzi akaenda nyumba ya wahunzi, akamkuta Fundi Jaribu, mfua chuma mkongwe kuliko wote, ameketi juu ya kinu cha mawe na kitanzi cha nyasi shingoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti wa karatasi. Umekuja kuucheka mkufu wangu?"

"Nimekuja kuuliza. Pampu za Ukavuni ziko wapi?"

"Ziko hapa zote, na hakuna hata moja." Akaonyesha ua kwa kidevu. "Mipini arobaini, tayari. Mabomba thelathini na tisa, tayari. La arobaini linangoja chuma, chuma kinangoja muhuri, muhuri unangoja mtu aliyekwenda kuanzisha jambo jingine. Mpaka litimie, sina ruhusa ya kuunga chochote."

"Kwa hiyo thelathini na tisa nzima zimo kifungoni kwa kosa la moja isiyokuwapo?"

"Usiniulize mimi. Mimi mvivu, huoni nyasi?"

"Ukipewa ruhusa, kuunga pampu moja kutakuchukua muda gani?"

Mzee akatazama pembeni, kama mtu aliyeulizwa umri wa mke wake mbele ya mke wake. "Tangu asubuhi hadi adhuhuri."

Tambuzi akaipima miaka tisa kwa nusu siku. Kisha akasema, "Basi unga moja. Punda ninaye."

"Watatushitaki, binti! Kutoa kimoja ni kosa kuu hapa. Mwizi huhurumiwa, mtoa kimoja hahurumiwi."

"Fundi, mikono hii ndiyo iliyofua mageti ya mji. Utaizika hai kwa kuogopa hesabu?"

Fundi Jaribu alitazama viganja vyake, vilivyokuwa vigumu kama kwato. Akavua kitanzi cha nyasi, akakitia tanuruni kuwashia moto.

Siku ya nne walikuwa Ukavuni, na siku ya nne hiyohiyo waliaibika. Mpini wa pampu ulikuwa umefuliwa kwa kimo cha bega la Takaburi, na wateka maji wa Ukavuni walikuwa wanawake na watoto. Bi Stahimili aliunyoshea mkono, akasimama kwa ncha za vidole, asiufikie.

"Hii mmewatengenezea twiga?" aliuliza, na kisima kizima kikacheka.

Fundi alicheka pia, akakata na kuteremsha mpini palepale. Maji yakaja, na kesho yake yakakoma. Ngozi ya ndani inayobana maji ilikuwa imepasuka. Mama mmoja mtengenezaji ngozi akaichukua, akainusa, akailamba. "Maji yetu yana chumvi, baba. Ngozi ya mbuzi haiwezi. Leta ya ng'ombe, iloweke katika mafuta siku mbili." Hakuna mchoraji, mpimaji wala mkaguzi aliyepata kumuuliza mama huyo neno katika miaka tisa. Siku ya saba pampu ilitapika maji, ikaendelea kuyatapika, na watu wazima wakalia bila kuona haya.

Siku ya nane walifika askari wa Jumba, wakawafunga Tambuzi na Fundi Jaribu.

Shauri lilisikilizwa Hangaiko mbele ya Kadhi Insafu, mtu mfupi wa kimo na mrefu wa masikio. Takaburi alisimama na joho lake la mianzo mia tatu.

"Ewe Kadhi mwadilifu," alianza, "ukuu wa Limbiko umejengwa juu ya nidhamu. Arobaini ni ngome yetu. Akitoka mmoja, lango limebomoka. Tarishi asiye na elimu na mhunzi aliyevikwa nyasi wamekitoa hadharani chombo kisichokaguliwa, kikaharibika mara mbili mbele ya wanakijiji wanaocheka! Naomba pampu ing'olewe, irudishwe uani kwa wahunzi izingoje nyingine, na hawa wawili wafukuzwe nchini."

Watu wakaguna kwa kukubali. Bi Stahimili, aliyewafuata kutoka kijijini, alikuwa nyuma ya umati. Kwake neno "ing'olewe" lilikuwa na maana moja tu: kijiji kuhama.

"Binti," Kadhi alisema, "una la kujibu?"

Tambuzi akatoa ile kamba kifuani, akamshikisha Kadhi ncha moja, akatembea nayo hadi mlangoni, na ilipofika kizingiti bado ilikuwa haijakwisha.

"Hii, Mheshimiwa, ni kamba ya kisima chetu. Ina mafundo mia moja na manane. Kila fundo ni mwezi ambao ombi letu lilingoja. Nyuzi nyekundu ni siku ambazo mtu aliifanya kazi."

Kadhi akaipitisha vidoleni polepole, fundo kwa fundo, na chumba chote kikamngoja. "Nyuzi nimehesabu kumi na tisa."

"Ndizo zote."

"Siku kumi na tisa katika miezi mia moja na minane?"

"Naam. Na hakuna hata siku moja niliyomkuta fundi amekaa bure. Walikuwa na kazi kuliko siafu. Kazi yetu ndiyo iliyokaa bure, na kitanzi cha nyasi hakikuvishwa kazi."

"Kijicho cha asiyesoma!" Takaburi alifoka. "Mipini yangu arobaini haina dosari!"

"Haina, bwana, na naapa kwa hilo," Tambuzi alimjibu, na sauti yake haikupanda. "Nimebeba kazi za Jumba hili miaka tisa, nimewaona mafundi wake. Duniani hakuna mikono kama yao, nami najivunia kuwa nimewatumikia. Ndiyo maana nimeona uchungu. Mipini yenu imefuliwa vizuri kwa bega ambalo Ukavuni halipo. Sisi tumekosea mara mbili, tukajua ndani ya siku mbili. Ninyi mmekosea mara arobaini, na hata leo hamjajua."

Kadhi Insafu akaikunja kamba. "Kiu haiamuliwi kwa maneno. Mahakama itasafiri. Bwana Takaburi, chagua mpini ulio bora katika arobaini yako, tukautazame kisimani."

Wakasafiri siku tatu kwenye jua, na siku ya tatu viriba vyao vilikuwa vimekauka. Mpini uliong'aa kama panga la sultani ukafungwa kwenye pampu. Bi Stahimili akaombwa ateke. Alipiga bismillahi, akaruka, akaudaka kwa mikono miwili, akabaki ananing'inia kama popo, miguu ikipapasa hewa.

"Kadhi wangu," alisema kutoka juu kule, "maji siyapati, ila upepo wa huku ni mzuri."

Hata askari walicheka. Fundi Jaribu akautoa mpini wa fahari, akarudisha ule alioukata, na mtoto wa kike wa miaka minane akasukuma mara nne, maji yakaruka. Mahakama nzima ikanywa. Akabaki Takaburi, midomo imepauka, amesimama wima kama alivyosimama maisha yake yote. Aliitazama pampu. Pampu haikumtazama. Mwishowe kiu ilishinda: Mhandisi Mkuu wa Limbiko akainama, akainama tena, mpaka bega lake likawa sawa na bega la yule mtoto, ndipo mkono wake ukaufikia mpini. Akanywa kwa kiganja. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, na haikujulikana kama yote yalikuwa maji ya kisima.

"Chumvi kidogo," alisema kwa sauti ndogo. "Hatukujua kuwa yana chumvi."

"Mngeuliza, baba," alijibu yule mama wa ngozi, "tungewaambia."

Kadhi Insafu alitoa hukumu palepale, ameketi ukingoni mwa kisima. Pampu isiguswe. Mabomba thelathini na manane yaliyobaki yaungwe, kila moja siku yake, na kila moja lifike kisimani kabla la pili halijaanzwa, ili kosa la leo lisirithiwe na kesho. Kipimo kichukuliwe kwa atakayetumia. Kitanzi cha nyasi kivishwe karatasi inayongoja, kisivishwe tena fundi anayengoja. Na ngoma kuu ihamishwe kutoka mwanzo wa kazi hadi mwisho wake.

Walimleta mpiga ngoma kwa pampu ya pili. Alishika fimbo zake, akashangaa, akakiri mbele ya watu kwamba mdundo wa kumaliza haujui, hakuufundishwa na baba wala babu. Fundi Jaribu akamwambia, "Anza tu, ukikosea tutakurekebisha." Na ndivyo mdundo ule ulivyotungwa, kwa kukosea na kurekebishwa, mpaka miguu ya Ukavuni ikaukubali.

Tambuzi alipoulizwa anataka joho la rangi gani, alisema joho huzuia mwendo. Akaomba karatasi ya kijiji kingine.

Aliyetusimulia haya alipita Hangaiko kwa miguu yake, akaiona ile kamba imetundikwa juu ya mlango wa Jumba la Ubunifu, na wageni huuliza ni ya nini. Kando yake inaning'inia kamba ya kijiji kilichofuata. Ni fupi kuliko kidole, imejaa uzi mwekundu, na fundo haina hata moja.