Mkono wa Mzee Rabson

Kwa miaka tisa Ikupa alikuwa muuguzi wa wodi katika hospitali moja mjini Tunduma. Wagonjwa walilazwa, wakaruhusiwa, naye hakuwahi kuwazoea. Mwaka jana akahamia Isansa, kwenye makao ya wazee ya kanisa. Huko alimkuta mzee Rabson, mkulima wa kahawa aliyepooza mkono wa kulia. Kila asubuhi kwa miezi saba alimnyoosha vidole huku mzee akimsimulia habari za shamba lake.

Jumatatu moja mzee akainua kikombe cha uji kwa mkono ule ule, akanywa.

“Mwanangu, umeona?”

“Nimeona, baba!”

“Asante kwa kunivumilia.”

“Mimi ndiye wa kushukuru,” Ikupa akasema, akilia na kucheka, kisha akamwongezea uji.