Faili la King'ora

Mjomba ndiye aliyemlea. Mama yake alipofariki, ndugu wengine walianza kutegeana, huyu akisema nyumba yake ndogo, yule akisema wa kwake wanamtosha. Mjomba akamshika mkono akaondoka naye bila kumuaga mtu. Kwa hiyo msichana alipokua na kupata kazi ya ufundi wa kompyuta kwenye ofisi inayosimamia bwawa, hakuona haya kumwombea mzee nafasi ya ulinzi.

Mjomba akapewa kibanda chini ya ukuta wa bwawa, koti la mvua na filimbi. Maji yakikaribia kufurika, king'ora kingelia chenyewe, naye angeteremka kuwaondoa wafyatua matofali kwenye kingo za mto. Wakishatoka wote, angekizima kwa kitufe cha ukutani.

"Na kule juu kwenye kipimo cha maji, sina haja ya kupanda?" alimwuliza mpwa wake alipokabidhiwa kazi.

"Ya nini kujichosha, mjomba? Mashine inapima yenyewe."

Mzee akacheka. Akawa anawatambia walinzi wenzake kwamba kila kinachowaka na kulia pale bwawani amekifunga mpwa wake.

Mpwa mwenyewe alikuwa hafiki bwawani ila kwa nadra. Alikaa mjini, ghorofani, akiifikia seva, kompyuta kuu ya bwawa, kwa mbali: anaandika amri kwenye skrini nyeusi, anaingia, anatengeneza, anatoka. Huko ndiko bosi wake alikomfuata siku moja, akavuta kiti na kuketi ubavuni pake. Alikuwa mtu wa sauti laini, hagombezi mtu. Wafanyakazi walimwita Pamba.

"Kuna wageni wakubwa wanakuja kukagua bwawa," Pamba alisema. "Manyunyu tu, hicho kidude kinapiga kelele. Sitaki kiwalilie wageni. Kipandishie kiwango."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kikae kimya."

"Basi niandikie hata barua pepe, bosi."

Pamba akatabasamu. "Tumefika huko, mimi na wewe?"

Hawakufika huko; barua haikuandikwa. Fundi akaingia kwenye seva. Kwanza alinakili faili la mipangilio ya king'ora, nakala akaiongezea neno "zamani" kwenye jina, kama alivyozoea, maana faili la seva haliguswi kabla hujaweka jingine pembeni. Kisha akalifungua lile lenyewe, akashuka mpaka kwenye mstari wa kina cha maji, akafuta namba iliyokuwepo na kuandika kubwa zaidi. Akahifadhi, akatoka. Chai yake ilikuwa haijapoa.

Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaondoka. Fundi akaomba ruhusa ya kurudisha namba ya mwanzo.

"Kuna kundi jingine linakuja," Pamba akamjibu. "Tulia."

Akatulia. Amri moja ingetosha, na hakuna ambaye angejua. Lakini nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa wazi, naye alikuwa ameitolea macho.

Maji yalikuja mchana. Mvua ilinyesha mbali, huko milimani, na kwenye matofali kulikuwa na jua kali. Watu walikuwa wamekaa chini wanakula. King'ora hakikulia. Mjomba alisikia mngurumo juu ya kichwa chake, akatoka mbio akipuliza filimbi, lakini maji yalishampita. Miti ilipoanza kuonekana tena, waliokota watu matopeni. Mmoja alikuwa mama na mwanawe mgongoni, mbeleko bado imekaza.

Pamba aliingia ofisini kwa fundi, akafunga mlango.

"Nani aliyebadilisha lile faili?"

"Si wewe uliniambia?"

"Nimeuliza nani aliyebadilisha."

Fundi akageuzia macho kwenye skrini.

"Mle kwenye seva kuna jina lako, langu halimo," Pamba alisema kwa upole ule ule. "Wachunguzi wako njiani. Nimekuja kukusaidia, mwenzangu. Namba ikiwa ile ya zamani, king'ora kilikuwa sawa."

"Na mjomba wangu je?"

"Yule ni mzee. Watamhurumia."

Fundi akaingia kwenye seva. Aliandika amri ya kunakili faili la zamani juu ya lile jipya. Mashine ikamuuliza kama ana hakika, maana lililopo litafutika. Akajibu ndiyo. Akairudisha nyuma tarehe ya faili, akafuta kumbukumbu ya amri zake zote, na vidole havikukosea hata herufi moja.

Wachunguzi walilikuta faili safi. Basi king'ora kililia, wakasema, na mlinzi akakizima papo hapo akaendelea na usingizi wake. Mjomba akaapa kwamba hakikulia.

"Mwulizeni mwanangu," akawaambia. "Mashine ni zake."

Wakamwita. Ukumbini, ndugu wa marehemu walijaa kwenye mabenchi. Mwenyekiti wa uchunguzi akamwuliza kama, kwa jinsi mashine ilivyopangwa, king'ora kilipaswa kulia.

"Kilipaswa."

"Kulikuwa na hitilafu yoyote?"

Fundi aliangalia meza. "Hakuna."

Mzee alimtazama bila hasira, amekunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka vibaya. Kisha akasema taratibu, "Kama yeye amesema, basi labda kililia. Labda nilikizima mwenyewe nikasahau. Nimezeeka."

Mwanamke mmoja akainuka kwenye benchi akamtemea mate. Yakatua kwenye mkono wa shati. Mzee hakuyafuta.

Alifungwa. Fundi akapewa ukuu wa kitengo, Pamba akimpigia makofi mbele ya wote.

Fundi alipokwenda gerezani kumtazama, mjomba alikuwa amekonda, shingo inaelea kwenye kola. Waliketi wakitazamana, askari yuko mlangoni.

"Mwanzoni nilikuwa nikijaribu kuuona mkono wangu ukibonyeza kile kitufe, siuoni," mzee alisema. "Siku hizi nauona. Nauona kabisa." Akainamisha kichwa. "Ulinitafutia kazi, mwanangu, nikakuaibisha mbele ya wakubwa zako. Unisamehe."

Askari alikuwa anachokonoa kucha, hawasikilizi. Palikuwa na nafasi ya kusema.

"Yameisha, mjomba," fundi alimwambia. "Mimi sina kinyongo."

Mzee akamshika mikono yote miwili, akashukuru, akashukuru tena.