Shangazi Kwenye Bango

Asubuhi ya kugawa funguo, ofisa wa manispaa alikuwa anapanga viti vya plastiki mbele ya jengo jipya wakati watu waliochorwa kwenye bango la mradi waliposhuka. Walishuka kwa utaratibu: baba mwenye kigari cha mtoto, wachumba wawili na mifuko yao ya dukani, dada wa mazoezi, msichana na puto lake. Mlinzi aliwauliza kama wamefuata funguo. Wakasema ndiyo, akawaonyesha foleni.

Ofisa huyu ndiye aliyekuwa akitumwa kuongea na wakazi wa zamani. Manispaa ilitoa ardhi, mwekezaji akatoa saruji, yeye akatoa maneno. Kila mkutano aliumaliza kwa kusema "mtarudi", mpaka watoto wa mtaa wakambandika jina hilo, Mtarudi. Siku bango la mradi lilipotundikwa, aliwanyooshea kidole watu waliochorwa mle akasema, "Hawa ndio nyinyi." Alikuwa ananogesha mazungumzo tu. Sasa waliochorwa walikuja na neno lake hilohilo, na meneja wa mwekezaji hakuona tatizo. Hawakuwa na kelele wala kuku, na rangi zao ziliendana na jengo. Kufikia mchana funguo zilikuwa zimekwisha.

Wakazi wenyewe walipofika waliambiwa wasubiri awamu ya pili. Wakaondoka wakinung'unika, isipokuwa mmoja, fundi cherehani, shangazi yake Mtarudi. Mama huyu alitazama bango, akaona benchi na bustani zimebaki tupu. Akaazima ngazi kwa mlinzi, akajitwika cherehani chake, akapanda, akaketi kwenye benchi. Mlinzi alimshikia ngazi isiteleze. Mtarudi aliyaona yote hayo, akajitia hamnazo, akaendelea kukusanya viti.

Alikuwa na sababu ya kuona haya. Mtaa mzima ulikuwa umegoma kuhama, na shangazi ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, "Huyu nimemlea mwenyewe. Hawezi kunidanganya." Watu wakalegea, na wiki hiyohiyo tingatinga likaingia. Lakini Mtarudi alikuwa ameenda kwenye mkutano ule akitokea kwenye kikao cha manispaa na mwekezaji, ambamo nyumba za wakazi wa zamani zilifutwa kwenye mpango. Kwenye kikao alikunywa maji ya chupa, akanyamaza. Kwenye mkutano pia alinyamaza, shangazi akakaa chini na watu wakampigia makofi.

Jioni alienda kusimama chini ya bango.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

Swali hilo lilimchoma kuliko tusi. Akasema amekula, na hakuwa amekula. Akauliza huko juu kukoje.

"Pazuri, sisemi uongo. Ila jua la huku halitui, usingizi sipati. Maji ya kwenye bomba la bustani hayalowanishi. Nashona tu, wa kuvaa hayupo. Funguo vipi?"

"Wiki ijayo."

Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea. Akajichukia pale pale. "Shuka twende kwangu, shangazi," akasema.

"Kwako mmebanana. Halafu nikishuka, nafasi yangu si itachukuliwa? Wewe mwenyewe ulisema wanaoonekana huku ndio wenye nyumba."

Kesho yake Mtarudi alipiga moyo konde, akaenda kwa meneja kuomba nyumba moja tu, hata ya chini kabisa, karibu na jenereta. Meneja alimkaribisha vizuri. Alisema nyumba zimeisha, lakini bango limependeza zaidi, hasa yule mama wa cherehani.

"Anaaminika yule," meneja akasema. "Bango tunalihamishia kwenye mradi unaofuata. Mkutano utauendesha wewe."

Mtarudi alifungua mdomo aseme yule ni nani na amefikaje pale. Alikuwa na watoto wa kusomesha, alikuwa na kodi ya nyumba, na alizijua sababu zake zote kwa moyo. Akasema, "Sawa, bosi."

Bango liliposhushwa, alishika ncha moja yeye mwenyewe, akawaomba vibarua walikunje taratibu. Walipolipakia garini, cherehani kilisikika ndani kinaendelea kushona.

Mtaa wa pili ulikuwa mgumu kama wa kwanza. Watu walikaa kwenye viti vilevile vya plastiki, mikono kifuani, wakamwacha aongee mpaka akaishiwa. Mwishowe kinyozi mmoja wa mstari wa mbele akaelekeza kidevu juu, kwenye bango.

"Yule mama ni mtu kweli, au amechorwa tu?"

"Ni mtu," Mtarudi akasema. "Ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea."

Minong'ono ikapita. Kinyozi hakumuuliza Mtarudi tena. Alimuuliza mama mwenyewe.

"Mama, nyumba walikupa?"

Shangazi akasimamisha cherehani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alimtazama kijana wake pale chini, shati limemganda kwa jasho, midomo imemkauka. Tangu utotoni mwake hakuwahi kumuumbua mbele za watu.

Akaitikia kwa kichwa.

Mikono ya kukubali kuhama ikaanza kunyooshwa, wa kinyozi ukiwa wa kwanza. Mtarudi akawashukuru, akawaambia watarudi.